Gobore Lisilokaa Tupu

Fimbo haikuzama. Benigna aliisukuma tena ndani ya mtutu wa gobore la marehemu baba mkwe wake, ikagota na kubaki imechomoza kiganja kizima. Kila mtu wa nyumba ile ya Ruhuwiko alijua maana yake: ndani kuna mzigo wa baruti. Lakini mzigo uliokuwamo, mumewe, Edmund, aliutoa mwenyewe juzi baada ya matanga, akauosha mtutu kwa maji ya moto.

Mzee Hironimus, Mungu amrehemu, hakuwahi kuliacha gobore tupu. Baruti ikikaa huvuta unyevu, na ikishavuta unyevu haina tofauti na majivu. Kwa hiyo kila Jumamosi alililipua hewani, akashindilia baruti mpya, akalirudisha kwenye msumari juu ya mlango. "Likikaa tupu, yule atajua," alizoea kusema. Wote walidhani anawasema nguruwe pori waliomaliza mahindi nyuma ya nyumba, wakamcheka.

Benigna akauchokoa mzigo. Tambara lililoziba baruti lilikuwa la shati la Edmund. Kikulacho ki nguoni mwako. Mwanaume anayeshindilia bunduki kwa siri katika nyumba ya watu wawili, anamwinda nani? Akalirudisha gobore kwenye msumari likiwa tupu.

Keshokutwa yake Edmund ndiye aliyesimama chini ya msumari, ameshika kipande cha kitenge cha mkewe kinachonuka baruti.

"Mama Hilda, nimekukosea nini?"

"Mimi? Baba Hilda, mimi nimekuta shati lako mle mle!"

"Usinigeuzie kibao. Hilda yuko bweni. Humu tuko wawili tu."

"Ndiyo hivyo. Tuko wawili tu."

Waliliosha gobore pamoja, kila mmoja akiichunga mikono ya mwenzake. Kulipokucha sebule nzima ilinuka tumbaku ya mzee, fimbo ikagota tena, na safari hii tambara walilochomoa lilikuwa la koti la kahawia lililoshonwa kwa uzi wa kijani, uzi ule ule ambao Benigna aliutumia kwa kukosa wa kahawia, siku walipomvika mzee koti lile, wakafunika jeneza na kumzika nalo.

"Baba anataka kutuua," Edmund alinong'ona.

"Tulitoe humu. Leo hii."

Wakalichokoa, wakalitia kwenye gunia, wakaenda kulisalimisha polisi likiwa tupu. Wakati wa kurudi, mvua iliyowakuta njiani ilikatika. Benigna aliona aibu kwa kumshuku mumewe, akamshika mkono, na Edmund hakuutoa.

Tope la uani lilikuwa na alama za kwato zilizotoka kwenye mahindi. Edmund alitaka kucheka na kusema ni nguruwe tu, lakini Benigna alikwisha kuinama akizifuata, moja kulia, moja kushoto, hatua za kiumbe anayetembea kwa miguu miwili, zikaupita mchungwa, zikapanda kizingiti, zikaishia kwenye mlango wao uliofungwa kwa kufuli vile vile walivyouacha, wala hazikurudi. Ndipo alipoelewa mzee alikuwa akimshindilia nani baruti miaka yote ile, na hata baada ya kuzikwa.

Edmund, woga umemvuruga akili, akapiga hodi kwenye nyumba yake mwenyewe.

"Karibuni," wakaitikiwa kutoka ndani.