Waliopewa Ruhusa

Saa nne asubuhi, Lahore. Katika chumba cha nyuma cha duka la kutengeneza simu, Ustadi Nazakat, kama walivyomwita bosi wao, alisukuma kando bakuli la nihari, mchuzi mzito wa nyama, akachora mraba mezani kwa kidole chenye mafuta.

"Kampuni ya viwanja. Ghorofa ya tatu. Walinzi wakienda swala ya Ijumaa, mnaingia. Faili la hati za mashamba mnalinakili. La kwao mnalifuta. Basi."

"Nani ana ruhusa ya kulifungua?" aliuliza Zartasha, mdukuzi wao.

"Hilo ndilo ninalokulipia, binti."

Tauqir, dereva wao, alicheka. Zartasha hakucheka. Programu aliiandika mwenyewe. Kompyuta hata ikikunyima faili, ukijua kuiuliza itakutajia walioruhusiwa. Akishayapata majina angechagua moja na kuingia nalo. Manenosiri ya nusu ya ofisi alikuwa amekwisha kuyaiba.

Saa saba na robo mchana. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Zartasha alisita.

"Vipi, dada, miguu imeota mizizi?"

"Nani anaacha mlango wazi, Tauqir?"

"Mwenye haraka ya kuswali. Pita!"

Ghorofa ya tatu, chumba cha mitambo ya kompyuta kilikuwa na baridi. Zartasha aliketi, akaiendesha programu. Majina yakajitokeza. Mkurugenzi: kusoma. Mhasibu: kusoma. La tatu alilisoma mara mbili.

Nazakat Cheema: kusoma, kuandika, kufuta.

"Tauqir. Ustadi ni Cheema?"

"Ndiyo. Kwani?"

"Faili hili anaweza kulifuta mwenyewe, kwake, huku anakunywa chai."

"Sasa sisi katuleta kufanya nini?"

"Kubeba lawama."

Tauqir alichungulia dirishani. Gari la polisi lilikuwa limeziba geti. Alitukana, akakimbilia ngazi. Mlio mmoja wa bunduki. Hatua zake zikakoma.

Zartasha hakukimbia. Alichapisha ile orodha, akaishika juu mkaguzi wa polisi alipoingia na bastola.

"Sijafuta kitu, afande. Soma mwenyewe. Mwenye ruhusa ya kufuta ni huyo wa tatu."

Mkaguzi alisoma taratibu. Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni. Kwa kisigino akausukuma mlango nyuma yake mpaka ukajifunga, kisha akatoa simu.

"Ustadi," alisema, macho yake kwa Zartasha. "Huyu binti ameliona jina lako. Nifanyeje?"