Nguo Hazifuliwi Jikoni

"Hapo chini angalia, kuna maji. Mashine imemaliza kukamua sasa hivi," mwalimu mwenye nyumba alisema.

Bi Futi alikuwa ameinama chini ya dirisha la jikoni, anapima urefu wa pazia. Jina hilo alipewa na wateja kwa sababu futi kamba haikumtoka shingoni, hata sokoni alikwenda nayo. Alikuwa fundi cherehani, mwenye mkono mzuri wa mapazia na mdomo mwepesi kupita mkono. Kuona mashine ya kufulia jikoni, bega kwa bega na jiko la gesi, kulimchefua kidogo. Lakini mteja ni mteja, akameza mate akaendelea kupima.

Halafu akayaona matofali.

Mashine ilikuwa imepandishwa juu ya matofali manne. Juu ya kila tofali palikuwa na kipande cha tairi kuukuu, ili isitembee inapokamua. Mpira wa maji machafu umefungwa kwenye bomba la sinki kwa waya wa shaba, mizunguko mitatu, na ncha ya waya imekunjwa kwa ndani isichane mtu. Kila fundi ana mkono wake. Bi Futi aliujua mkono huu kwa sababu alikuwa ameishi nao miaka sita.

"Nani alikufungia?" akauliza.

"Mume wangu. Ni fundi bomba." Mwalimu alikuwa mtu wa kucheka, anafundisha chekechea, na hata na watu wazima huongea kana kwamba anawasimulia hadithi. "Mimi nilitaka ikae bafuni, akanikatalia kabisa. Ati nguo anayosalia haiwezi kulala na choo. Kwao mashine inakaa jikoni, wala humbishii."

Maneno hayo Bi Futi aliwahi kuambiwa, neno kwa neno, na mtu aliyekunywa chai kwake asubuhi ile kabla ya kuondoka kwenda saiti ya mbali.

Simu ya mwalimu ikaita. Mikono yake ilikuwa na sabuni, akabonyeza spika kwa kiwiko.

"Mke wangu," simu ikasema, "yule fundi wa mapazia uliyesema atakuja, amefika?"

Sauti ile haikuwa na pacha duniani. Bi Futi alisimama wima, futi mkononi, akajibu mwenyewe kabla mwalimu hajafungua kinywa.

"Mwambie nimefika."

Simu ikakatika. Mwalimu akasema mtandao wa siku hizi ni balaa, na Bi Futi akamhurumia kwa hilo, maana masikini hakujua kuwa mtandao hauna kosa. Akatoa simu yake, akatafuta picha ya harusi, akaiweka mbele ya mwalimu juu ya meza ya kukatia mboga.

Mwalimu akakaa kwenye kigoda. Hakupiga kelele, hakumwita mwenzake mwongo. Alisema kitu kimoja tu.

"Aliniambia mliachana."

"Hata mimi hakuniambia kama tumeachana," Bi Futi akajibu, akakunja futi na kutoka.

Njiani meseji ikaingia: "Usiongee na mtu yeyote. Nakuja nyumbani tuyamalize." Saiti ya mbali, kumbe inafikika kwa nusu saa.

Sasa hapa lazima turudi nyuma kidogo, kwa sababu Bi Futi naye hakuwa malaika.

Kwao Bi Futi, jiko ni jiko. Ndoo ya kufulia ina rangi yake na haivuki kizingiti cha jikoni hata ikiwa tupu. Mama yake aliwahi kumwaga sufuria nzima ya mboga kwa sababu mtu alipita karibu na nepi mkononi. Nguo hufuliwa uani, kwenye hewa, na mwenye nguo za ndani huzifua mwenyewe kwa mikono yake. Kwao mume, mambo yalikuwa kinyume. Walikulia chumba na jiko, watoto sita, na bomba la pekee lilikuwa jikoni. Mama yao alikuwa dobi wa nyumba za watu. Alifua na kupika mahali pamoja, jicho moja kwenye chungu, jingine kwenye beseni, na hakuna mtoto aliyewahi kuumwa tumbo kwa ajili hiyo. Aibu kwao ilikuwa kufulia uani, majirani wakahesabu viraka vyako.

Wote wawili walikuwa wasafi, ila kila mmoja alimwona mwenzake mchafu.

Mwaka jana mume alileta mashine nyumbani, akaifunga jikoni. Bi Futi akangoja atoke, akaita wabeba mizigo wawili, wakaitoa na kuiweka uani. Mume aliporudi ugomvi ukalipuka. Na kwa bahati mbaya, mama mkwe alikuwa amekuja kukaa nao wiki mbili, yupo chumba cha pili, mlango wazi.

"Mama yako aliwalisha maji ya nguo chafu," Bi Futi alisema siku hiyo, "ndiyo maana leo hamjui tofauti ya chakula na uchafu."

Mama mkwe alikunja nguo zake jioni ile ile. Hakugombana wala kulia. Aliaga kwa adabu zote, akaondoka, na tangu hapo hakukanyaga tena. Bi Futi aliumia kwa siri. Mara ngapi alishika simu ampigie, akairudisha mezani. Neno likishatoka halina mlango wa kurudia, na yeye alilijua hilo kila alipopita uani.

Kwa hiyo mume alipoingia siku ile ya mapazia, akiwa bado na vumbi la saiti isiyokuwepo, alijua pa kupiga.

Hakukana. Alikaa kwenye kochi, akavua viatu polepole, akasema, "Kule nakaa kama mtu. Hapa kitu changu kilitolewa uani kama mbwa."

"Mimi nakuuliza habari ya mwanamke, wewe unanijibu habari ya mashine."

"Ni habari moja. Siku ulipomtukana mama yangu, ndiyo siku niliyotoka katika nyumba hii. Mwili ulibaki unakula na kulala hapa, lakini mimi nilitoka. Ungeniachia jikoni mle kitu kimoja tu cha kwetu, tusingefika tulipofika."

Bi Futi alikuwa amejiandaa kwa uongo, angeupasua vipande. Lakini hili lilimkuta pale pale alipokuwa na kidonda. Na mume alipoona limemchoma, akatoa masharti kama mtu aliyedhulumiwa: mashine irudi jikoni, mama yake aombwe radhi, na yeye atamalizana na mwalimu.

Dada yake Bi Futi alipopigiwa simu, alichemka.

"Kosa lako ni la mdomo, lake ni la miguu. Usiyapime kwa futi moja."

"Lakini kama mimi ndiye niliyemsukuma?"

"Ulimsukuma mpaka kitandani kwa mtu? Una nguvu hizo?"

Dada alisema kweli, lakini dada hakuwa yeye aliyempenda yule mwanamume. Hakuwa yeye ambaye miguu yake, ilipovimba kwa kukanyaga cherehani msimu wa sare za shule, ilikandwa kwa maji ya moto na mume yule yule, huku akimtania kwamba ameoa tembo. Bi Futi alitaka ndoa yake. Kama bei ilikuwa ni kumeza kiburi na kufulia penye sufuria, angelipa.

Asubuhi iliyofuata akawaita tena wabeba mizigo, wale wale. Mmoja akauliza, "Mama, safari hii inarudi ndani?" Akasema ndiyo, na uso haukumruhusu mtu kuuliza la pili. Akapanga matofali mwenyewe. Akafunga mpira kwenye bomba la sinki, waya ukamchana kidole. Alipomaliza alisimama katikati ya jiko lake akafungua dirisha, kisha akamwandikia mkwewe: "Mama, shikamoo. Nakuomba uje. Nina neno nataka kulisema mbele yako."

Jibu likachelewa mpaka adhuhuri. "Nakuja kesho."

Mama mkwe alikuja na mkoba mdogo, wa mtu asiyekuja kulala. Bi Futi akampeleka moja kwa moja jikoni, akapiga magoti juu ya sakafu.

"Mama, nilikutukana katika nyumba niliyokukaribisha. Wewe ulilea watoto sita wakawa watu, mimi nikakuita mchafu. Sina cha kujitetea. Nakuomba unisamehe."

Mama mkwe hakumwinua. Alikuwa anaitazama mashine.

"Nani amekwambia uiingize humu?"

"Mwanao. Amepata mwanamke mwingine, mama. Anasema ni maneno yangu ya mwaka jana yaliyomtoa, na mimi nimeona ana haki. Kwa hiyo nimeirudisha."

"Amekwambia mwaka jana?"

"Ndiyo, mama."

Mama mkwe akavuta kiti akakaa. Mikono yake ilikuwa ile ya kidobi, kucha zimekwisha kwa sabuni za watu. Akaiweka magotini.

"Inuka," akasema. "Mashine ya yule mwalimu ina miaka mitatu. Mlango wake umeota kutu, nimeushika kwa mikono yangu. Mwanangu alinipeleka kule akanitambulisha mwezi mmoja kabla sijaja kukaa hapa kwako."

Bi Futi hakuinuka. Alijaribu kupanga miaka kichwani, ikakataa kupangika. Miaka mitatu nyuma hakukuwa na mashine hapa, wala ugomvi. Ilikuwa ndiyo miaka ya kukandwa miguu. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye alikuwa akizifua nguo zile kwa mikono.

"Ulipokuja hapa ulikuwa unajua," akasema.

"Nilikuwa najua. Nilimgombeza nikiwa kule kule. Nikamwambia, huyu umemnunulia mashine, na mkeo wa ndoa anachubuka vidole kwenye beseni, huna haya? Ndipo akakuletea hii." Mama mkwe akaigusa mashine kwa kiganja. "Hii ni mimi niliyekuombea. Nikaja kukaa wiki mbili kwa sababu nilitaka kukwambia ana kwa ana, tukiwa wawili, mambo kama haya hayasemwi kwenye simu. Nilikuwa natafuta siku nzuri. Halafu nikasikia maneno yako kutoka chumbani."

Bi Futi akafunika uso.

"Nikasema moyoni, kumbe huyu ninayemlilia ananiona mimi takataka. Basi naye aonje. Nikafunga mdomo mwaka mzima. Ulinikosea kwa kusema, binti yangu, na mimi nikakukosea kwa kunyamaza. Sijui lipi kubwa. Na mimi niwie radhi."

Walilia wote, mmoja sakafuni, mwingine kitini, na kilio cha Bi Futi kilikuwa na uchungu wa namna mbili. Mmoja ulikuwa wa mume. Mwingine ulikuwa wa mama aliyekuja na ukweli mkononi, naye Bi Futi akamfungia mlango kwa ulimi wake.

Mume aliwakuta hivyo mchana, alipokuja kula. Aliona mashine ingali jikoni, akamwona mama yake, akatabasamu kama hakimu aliyesuluhisha.

"Afadhali. Sasa tunaweza kuishi kama watu."

"Mashine ya mwalimu ina miaka mitatu," Bi Futi akasema.

Tabasamu likamwishia mdomoni. Akamgeukia mama yake.

"Usinitazame mimi," mama akasema. "Nimekuzaa, sikukuzalia uongo wako."

"Mama, haya ni mambo ya ndani, yana historia ndefu, huwezi kuyaelewa kwa..."

"Nilikosea, nimeomba radhi, nimesamehewa," Bi Futi akamkatiza, na sauti yake haikupanda. "Wewe ulikuwa kule kabla sijakosa. Ulichukua kosa langu ukalivaa, likakukaa vizuri, ukaniacha mwaka mzima najilaumu. Juzi ungeomba radhi, mimi mjinga ningekusamehe. Ulinipa masharti."

"Basi nisamehe leo. Nimekosa. Haya, itoe hata uani, ikae unapotaka wewe."

Bi Futi alimwangalia mtu aliyempenda kwa miaka sita. Hata sasa mume aliamini kwamba hili jambo linahusu mahali pa kuweka kitu.

"Kachukue nguo zako," akamwambia.

"Mama, mwambie."

"Nyumba si yangu, siwezi kumwambia," mama akajibu huku akiinuka. "Ila mimi naondoka sasa hivi, na siondoki peke yangu. Kapange mkoba, nakungoja."

Akapanga. Mtu anapofukuzwa na mkewe hubisha, lakini akingojwa na mama yake mlangoni hana pa kubishia. Alipokuwa chumbani, simu yake aliyoiacha mezani ikawaka. Bi Futi hakuigusa, lakini macho hayana pazia. Mwalimu alikuwa ameandika: "Vitu vyako nimeviweka nje. Usigonge."

Mume akatoka na begi, akaichukua simu, akasoma. Akapita katikati ya wanawake wawili bila kuwatazama, akaenda kusimama nje juani.

Mama mkwe akavaa viatu vyake mlangoni. Akamshika Bi Futi kidevu, kama mtu anayeangalia mtoto anayeanza homa, akamwambia ale, hata kama hataki, ale.

"Utakuja tena, mama?" Bi Futi akauliza.

Mama mkwe akanyanyua mkoba wake. Akawaza kidogo, akatikisa kichwa.

"Nitakuja kama nani?"

Bi Futi alisimama kizingitini mpaka wale wawili wakafika mwisho wa barabara, mama mbele na mwana nyuma.