Kanda za Sauti ya Mtoto

Mlango wa nyuma ulivunjwa kwa mtaimbo. Cherehani na televisheni hazikuguswa. Zilizoibwa ni kanda za kaseti kutoka kwenye droo ya sebuleni, zenye sauti ya mtoto wa nyumba hiyo alipokuwa akijifunza kusema.

"Nani mwingine angezitaka?" aliuliza mama mtoto, mshonaji wa nguo. "Ni baba yake tu. Na amri ya mahakama inamkataza kuisogelea nyumba hii. Mkamateni, Afande."

Inspekta aliinama mlangoni. Mbao zilipobonyea kulikuwa na chembe za rangi ya kijani. Alimwita mtaalamu wa uchunguzi azichukue.

Baba mtoto alikuwa fundi kufuli. Walimkuta kibandani kwake akichonga ufunguo. Hakushtuka kuona polisi. Alishtuka kusikia habari za kanda.

"Zile? Tulizirekodi jioni, mimi na mama yake. Mwezi mtoto aliuita 'mwezu'. Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta." Aliuweka ufunguo chini. "Afande, kufuli ile niliitia mwenyewe. Ningetaka kuingia, ningeifungua kwa waya mtu asijue."

"Au ungevunja ili tuseme si fundi."

"Nilikuwa nataka kuipinga amri mahakamani. Basi nipeleke kwake nikamwambie uso kwa uso!"

"Ukitia mguu pale umevunja amri, hata kama umeonewa. Utalala ndani, na kesi utaiharibu mwenyewe. Amri hiyo ni ya muda. Mahakama ilisikia upande mmoja tu. Peleka pingamizi, omba msikilizwe nyote wawili, tafuta mashahidi. Ukiwa unasubiri, mwombe hakimu akuruhusu umwone mtoto kwenye ofisi ya ustawi wa jamii, mbele ya ofisa."

"Nimwone binti yangu kama mfungwa?"

"Umwone. Hilo ndilo kubwa."

Fundi aliinamisha kichwa. Inspekta akarudi kwa mama mtoto.

"Amri uliiomba kwa sababu gani?"

"Alikuwa akichungulia dirishani. Akatishia kumchukua mtoto."

"Ulimwona kwa macho yako?"

"Mdogo wangu ndiye alimwona. Anaishi nasi hapa."

"Na mlango uliovunjwa, nani aliugundua?"

Mama mtoto aliacha kukunja kitambaa alichoshika. "Yeye huyohuyo," alisema polepole.

Kijana huyo alifanya kazi gereji. Kwenye sanduku lake la vifaa kulikuwa na mtaimbo wa kijani, ncha yake imebanduka rangi.

Kituoni, Inspekta aliuweka mezani. "Huu wa nani?"

"Wa gereji. Kila mtu anautumia."

"Maabara inasema rangi yake ndiyo iliyobaki mlangoni kwa dada yako. Nani mwingine wa gereji anajua kanda zilikuwa wapi?"

Kijana aliusukuma mtaimbo mbali naye.

"Ziko wapi, kijana?"

"Chini ya kitanda changu. Nilitaka kuzichoma. Nikasikiliza moja kwanza. Kumbe na mimi nimo, Afande. Nilikuwa bado shule ya msingi. Shemeji ananifundisha kupiga mluzi, natoa upepo tu, wote wanacheka."

"Yeye ndiye aliyekulea?"

"Wazazi walipofariki, alinichukua kama mwanawe."

"Na dirishani hakuchungulia?"

"Hakuchungulia. Hakutishia mtu. Niliyatunga yote. Halafu nikasikia anataka kuipinga amri mahakamani, nikavunja mlango ili aonekane ameikiuka."

"Kwa nini?"

"Kabla ya amri walikuwa wameanza kupatana. Akipiga simu, dada anaongea naye huku anatabasamu. Nikajua atarudi. Tangu aondoke, mimi ndiye nampeleka mtoto shule. Mimi ndiye naulizwa tupike nini. Nilikuwa mtu, Afande. Akirudi yeye, mimi nabaki mtoto wa kulelewa."

Maneno hayo aliyarudia mbele ya hakimu siku pingamizi liliposikilizwa. Hakimu akaifuta amri.

Nje, kwenye ngazi za mahakama, mama mtoto alishindwa kumtazama fundi. "Nilimwamini mdogo wangu bila hata kukuuliza wewe," alisema. "Mtoto anatoka shule saa nane. Njoo tumpokee."

Fundi alifuta uso kwa kiganja. Alitazama gari la polisi lililomchukua shemeji yake likikata kona.

"Yule kijana amekula leo?" aliuliza.

"Hajala."

Wakashuka ngazi pamoja, kwenda kumtafutia chakula cha kupeleka mahabusu.