Nguo ya Mgeni Mbele ya Spika

Kwanza ilikuwa harufu tu, wala haikuwa mbaya. Sitara alikuwa uani anapeta mchele, jua la saa saba limemkalia utosini, akasikia marashi. Hayakuwa ya jirani aliyetoka kuoga. Yalikuwa marashi ya waridi yaliyoungua pamoja na vumbi, kama mtu kayamwaga juu ya pasi ya mkaa. Akaweka ungo chini, akaifuata harufu ukumbini mpaka barazani, kwenye meza ya ufundi ya mumewe.

Mumewe jina lake Shomari, lakini mtaa mzima wa Sikukuu ulimwita Fundi, hata mkewe. Redio alitengeneza, ila sifa yake hasa ilikuwa amplifaya za magitaa, zile za zamani zenye taa ndani, vichupa vya kioo ambavyo vikipata moto huwaka rangi ya chungwa, na sauti ikatoka nene, kama ya mtu aliyeshiba. Bendi za dansi zilimletea yeye tu. Miaka ile ya foleni vipuri hukuviona dukani hata kwa dawa. Taa ikifa, Fundi aling'oa nyingine kwenye redio iliyokufa, akaikwangua miguu kwa wembe, na amplifaya ikaimba tena.

Mchana huo mezani palikuwa na amplifaya ya bendi ya kiwanda, ameimaliza jana yake. Waya wake ulikuwa umelala sakafuni, haukugusa umeme popote. Na taa zake zilikuwa zinawaka.

"Fundi, mbona linawaka hilo?"

"Kuna moto unabaki ndani ukichomoa," alisema Shomari. "Hulala humo, ukigusa vibaya unakuua." Akachukua bisibisi ya mpini wa mti, akarudisha mkono wa kushoto mgongoni kama desturi yake, umeme usipate njia ya kupita kifuani, akagusa chuma kwa chuma. Paa! Cheche ikaruka. Taa zikazimika. "Umeona? Kama kuku aliyechinjwa, lazima arukeruke kidogo."

Alicheka, lakini hakumtazama mkewe usoni. Moto unaobaki huuma mkono, hauwashi taa. Hilo alilijua vizuri kuliko mtu yeyote Kariakoo.

Sitara naye alikuwa na lake alilolijua. Macho yake yalikuwa kwenye kitambaa cha mbele ya spika.

Amplifaya ile ililetwa na Aristides, mpiga gitaa la solo, Mhaya mmoja mrefu mwenye maneno mengi. Panya wa stoo ya kiwanda walikuwa wametafuna kitambaa chote cha mbele ya spika. Shomari akatafuta kitambaa chepesi cha kuwamba, akazunguka maduka ya Wahindi na ya ushirika, hola. Ndipo Sitara akafungua sanduku la marehemu mama yake, akatoa nguo nyekundu yenye ukingo mweusi. "Chukua hii," alimwambia. "Kanga kuukuu ya mama."

Haikuwa kanga. Ilikuwa nguo ya Mgeni.

Mgeni ndilo jina walilomwitia nyumbani, hawakuthubutu kutaja jingine. Mama yake Sitara alikuwa kiti cha pepo huyo miaka ishirini. Kila Ijumaa nguo ile ilitandikwa, ubani ukafukizwa, na mama akakaa juu yake, akaacha kuwa mama. Alizungumza kwa sauti nyingine, akawapiga wanawe kwa mkono mwingine. Mwisho wake alikufa akimwuliza Sitara, "Wewe mtoto wa nani?" Na kabla hajafikia hapo alishamwagiza: mwanangu, nguo usiiache na njaa, nikiondoka atataka kukaa kwako.

Sitara hakuifukizia hata mara moja. Miezi minane ilikaa sandukuni, na usiku aliisikia inajigeuza. Basi alipoona mumewe anahangaika, aliona mlango. Iende na bendi. Iende ikakae kwenye ukumbi wa dansi, kwa watu wengine huko.

Aristides alikuja kuchukua mali yake, akaisifia, "Fundi, umeivisha kama bibi harusi!" Siku ya tatu akairudisha kwa mkokoteni, uso umemsawijika.

"Chukua jini lako," alisema. Hakukaa hata alipokaribishwa.

"Ina nini?"

"Mimi napiga gitaa, yenyewe inapiga ngoma. Ngoma ya kupunga pepo kabisa, dum-dum, dum-dum, hata mpiga tumba kaacha kupiga anaisikiliza. Selina wetu, yule mwimbaji, kaanguka chini, macho meupe. Halafu inatoka sauti ya mwanamke mle ndani, inaita watu."

Shomari akajaribu utani. "Inanasa redio hiyo. Waya wa ardhi umelegea. Mwezi uliopita moja ilinasa taarifa ya habari."

"Redio gani, Fundi, inayomtaja mkeo?" Aristides akamgeukia Sitara, akashusha sauti. "Shemeji, samahani. Inasema, Sitara. Inasema, Sitara, umenitupa."

Akaondoka bila kuaga.

Siku ya pili yake ilikuwa Ijumaa. Shomari alikwenda msikitini na wanaume wa mtaa, maduka yakafungwa, barabara ikawa nyeupe kwa jua, hapiti hata mbwa. Sitara alikuwa amejifungia chumbani. Akasikia mvumo. Ulitoka barazani, mdogo, kama nyuki mmoja kwenye kopo, kisha nyuki wawili, kisha ukaingia ukumbini ukapita mlango hadi mlango, na alipoziba masikio akaukuta uko ndani ya meno yake, ndipo akajisemea kwamba akikaa humo ataletewa, heri aende mwenyewe akainyofoe nguo ile aitie kwenye jiko, akatoka, akapita ukumbini akishika ukuta, na harufu ya marashi ikamjaa kooni kama pamba, na alipofika akaona taa zinawaka nyekundu badala ya chungwa, na kitambaa kinavuta pumzi, kinaingia na kutoka, kinaingia na kutoka, akanyoosha mkono akakishika, akakuta kina joto la mwili, la shavu la mtu mwenye homa.

"Kaa," ilisema spika.

Miguu yake ikakunjika yenyewe.

"Mama yako alinipa nguo na ubani. Wewe umenipeleka kwa walevi."

"Nisamehe."

"Kaa vizuri. Nyoosha mgongo. Kiti hakipindi."

Shomari aliporudi alimkuta mkewe ameketi sakafuni mbele ya amplifaya, mgongo wima, damu inamtoka puani, anatabasamu tabasamu ambalo halikuwa lake. Akamvuta mpaka uani, akammwagia maji. Sitara alipopata fahamu alisema neno moja: "Bibi Tatu."

Bibi Tatu alikuwa mganga wa Buguruni, kikongwe mwenye mgongo uliopinda na macho makali. Alifika alasiri hiyo hiyo na chetezo chake. Hakugusa kitu. Aliitazama amplifaya, akatazama nguo, akamshika Sitara mkono akamrudisha uani peke yao.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nguo ile naijua. Nilimpungia mama yako. Nani kaiweka pale?"

Sitara akalia tu.

"Sikiliza, mjukuu wangu, nasema mara moja," Bibi Tatu alinong'ona. "Huyu hafukuziki akaenda hewani. Anahamishwa. Nitamwuliza anataka nini, naye atauliza nani kamkosea. Atakayetajwa atakaliwa. Na jina lazima liwe la kweli, akidanganywa ataua nyumba nzima. Mumeo usimwambie, mtu akijua huanza kukimbia."

"Na asipotajwa mtu?"

"Basi wewe. Ameshakuanza."

Wakarudi barazani. Mlango ukafungwa, ubani ukatiwa kwenye makaa, moshi ukajaa mpaka wakawa hawaonani vizuri. Mvumo ukaanza bila kuitwa.

"Mgeni, karibu," alisema Bibi Tatu. "Umekuja kwa heri?"

"Sikuja. Nimeletwa kwa mkasi. Nguo yangu imekatwa, imepigiliwa misumari, imewambwa kama ngozi ya mbuzi." Sauti ilikuwa ya taratibu, na kila neno lilitikisa vioo vya taa. "Nani amenikata?"

Bibi Tatu akageuka. Alimtazama Sitara.

Sitara alimtazama mumewe. Shomari alikuwa amepiga magoti kando yake, ameushika mkono wake kwa mikono yote miwili, vidole vimejaa makovu ya risasi ya kulehemu, jasho linamtiririka. Hakuwa na habari. Alikuwa anamwogopea yeye.

"Nani?" ilirudia spika. Damu ikaanza tena puani kwa Sitara, na mgongo wake ukaanza kunyooka.

"Ni yeye," alisema Sitara. "Ni mume wangu aliyekata."

Tena ilikuwa kweli. Ndiyo maana ilikubaliwa.

Shomari aligutuka, akamtazama mkewe kidogo, kisha akaitikia kwa kichwa kama mtu anayelipokea kosa lake. "Kweli. Mkasi wangu, mkono wangu. Sikujua ni nguo ya mtu. Kama ni hilo tu, basi mwachie mke wangu."

Sitara alifungua mdomo. Maneno yalikuwapo, nguo nilimpa mimi, yalikuwa pale pale ulimini. Akafunga mdomo.

Taa ya kwanza ikapasuka. Ya pili, ya tatu, ya nne, vioo vikanyesha juu ya meza. Mvumo ukakatika. Bibi Tatu akasogea, akaishika ile nguo, akainyofoa kwa mkono mmoja bila taabu yoyote. Ilikuwa kitambaa tu, kuukuu, baridi.

"Imekwisha kwako," alimwambia Sitara. Hakuwa na furaha. Akakusanya chetezo chake, akatoka haraka kuliko alivyoingia.

Sitara akapumua. Mgongo wake ulikuwa wake. Pua ilikuwa imekauka. Akacheka kidogo, akalia kidogo, akageuka amkumbatie mumewe.

Shomari alikuwa amekaa mkekani, miguu ameikunja upande mmoja kama mwanamke anayepokea wageni, anaokota vipande vya kioo kimoja kimoja na kuvipanga mapajani. Vilimkata, naye hakusikia maumivu. Alipoinua uso alimtazama Sitara kuanzia juu mpaka chini, polepole, kama mke mkubwa anavyomtazama mdogo siku ya kwanza.

"Chumba kifagiliwe," alisema, kwa sauti nyembamba, ya upole kabisa. "Mimi nalala upande wa ukutani. Zamu yako na mume wangu nitakujulisha."