Manjano ya Bertilla

Jumamosi ile soko la Sumbawanga lilifurika. Muziki ulitoka kila upande, wauza mitumba walipanda juu ya meza wakinadi, na vijana walipita wakiinua juu simu za mkononi zilizokuwa ndiyo kwanza zimeingia mjini. Bertilla aliruka kando kuwapisha wabeba magunia ya ulezi, akatua juu ya mkeka wa mtu. Vikopo vya dawa vikatawanyika.

"Dada, umenikanyagia duka!"

Aliyesema hivyo ni Ngeleja, kijana mrefu wa Kisukuma, shati lake jeupe limepigwa pasi likanyooka. Aliuza dawa za miti zilizochimbwa na mama yake, Mboje, mganga wa Malangali. Bertilla alipiga magoti kuokota, gauni lake la kitenge cha bluu likiburuzika vumbini. Mkono wake ukasimama juu ya mzizi mmoja wa manjano.

"Huu unatibu vidonda, sivyo?"

"Hata moyo unatibu, ukitaka."

Bertilla akacheka mpaka akaona aibu. Alijieleza: yeye ni binti wa Mzee Polikarp, seremala wa Katandala, na yuko chuoni Morogoro akisomea shahada ya pili ya mimea. Alitaka mche ulio hai.

Jioni hiyo hiyo Ngeleja alimpeleka kwa mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mti huu unaisha. Zamani nilichimba nyuma ya nyumba yangu. Siku hizi natembea mchana kutwa, narudi na kiganja kimoja."

"Nataka kutengeneza dawa hiyo bila kung'oa mzizi, mama."

Mboje alichukua jembe, akaenda kwenye mche mmoja aliousaza uani. Kisha akamchimbia mche, akamweleza matumizi yake yote.

Kule Morogoro, Bertilla alikata kipande cha mche, akakilea katika chupa za kioo zenye sukari na lishe. Seli zikaongezeka, lakini zilikuwa nyeupe tupu, hazina dawa. Kila jioni Ngeleja alimpigia simu; walikwisha kuwa wapenzi.

"Wangu, watoto wako wa chupani hawajambo?"

"Wananenepa tu, mpenzi. Hawatoi kitu."

"Wewe nawe, unawadekeza!"

"Sikiliza. Mti hutoa ile dawa ya manjano ukishambuliwa na wadudu au ukungu. Jani likitafunwa, mti hutengeneza kemikali inayoitwa jasmonati, ndiyo inayopiga mbiu mwilini mwake. Nitaweka tone la kemikali hiyo. Seli zitadhani adui amefika."

"Mwongo mkubwa! Mimi uliniwekea tone gani?"

"Kalale, Ngeleja."

Chupa za kwanza zilikuwa za kahawia asubuhi iliyofuata. Dozi ilizidi, seli zote zikafa. Bertilla alilia, akanawa uso, akaanza upya. Alipunguza dozi, akaziacha seli zikomae kwanza ndipo akaweka kichocheo. Safari hii rangi iliingia polepole, mpaka chupa zote zikawaka manjano mezani. Alipopima, alikuta dawa nyingi kuliko ile iliyokuwa kwenye mzizi wenyewe.

"Ngeleja! Zimetoa! Nimeweza!" alipiga kelele kwenye simu.

"Nilijua! Nilijua kabisa!"

Wiki iliyofuata redio ilitangaza ugunduzi huo. Ilimtaja Bertilla, ikakitaja chuo. Mboje hakutajwa. Sokoni wenzake wakamcheka Ngeleja: "Mchumba kaondoka na mti wa mama yako!" Akazima simu. Bertilla alipiga, akapiga tena, haipatikani.

Akapanda basi, akafika Malangali na vumbi la safari nguoni.

"Umekuja kuchukua mche mwingine?" Ngeleja alimuuliza mlangoni.

"Nimekuja kukuuliza kosa langu."

"Mama alikusikiliza kwenye redio toka mwanzo hadi mwisho. Akazima, akaenda kulala bila kula."

Bertilla alishika ubao wa mlango. "Nilimtaja, Ngeleja. Wakakata maneno yangu. Kesho nazungumza ukumbini hapa mjini, mbele ya mkoa mzima. Mlete. Asipokaa mbele, sisemi neno."

Alifanya kama alivyosema. Ukumbi ulijaa, mgeni rasmi akatazama saa yake, Bertilla akasimama kimya kando ya chupa zake mpaka Mboje alipoingia na kanga mpya, akishikwa mkono na mwanawe. Hapo ndipo alipofungua mdomo.

"Kichocheo nilikiweka mimi, na najivunia. Lakini mti huu na kazi yake nilifundishwa na mama huyu, Mboje wa Malangali. Kila patakapoandikwa jina langu, lake litatangulia. Nimewaambia hivyo walimu wangu, na wamekubali."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi na vigelegele. Ngeleja alisimama, machozi yakimtiririka, wala hakujali nani anamwona.

Mboje naye akainuka. Hakuielekea meza kuu. Alikwenda moja kwa moja hadi kwa Mzee Polikarp, aliyekuwa ameketi kifua mbele.

"Baba Bertilla, binti yako tumemwona. Jumapili tunakuja kwako kuposa."

Mzee Polikarp akamgeukia binti yake. "Unasemaje?"

"Waje mapema, baba," Bertilla alisema, na sauti yake ikasikika hadi viti vya nyuma.