Mfuko Uliofichwa Ndani ya Sweta

Kazi ya kwanza ya Marion kila asubuhi ilikuwa maji. Alibeba mtungi wake wa manjano hadi kwenye kioski cha maji cha Mashimoni, mtaani Kibera, akasimama kwenye foleni, akapokea maneno makali mawili matatu kutoka kwa wanawake waliodhani amewaruka, kisha akarudi nyumbani mabega yakiwa yamelowa. Kazi ya pili ilikuwa kumwashia mama yake jiko. Mama alikaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki inayobaki minofu ikishatolewa, akaiuza hapo mlangoni. Ni chakula kitamu, asikudanganye mtu. Lakini watoto wa shule hawana huruma. Tangu Gredi ya Tatu walikuwa wakimwita Marion "Mifupa", na jina hilo lilimuuma kuliko njaa.

Alhamisi hiyo alizifanya kazi zote mbili akiimba. Gredi ya Sita ilikuwa inakwenda kuwatazama wanyama mbugani. Mbuga yenyewe haikuwa mbali na Kibera, lakini wengi darasani walikuwa wamemwona simba vitabuni tu.

"Ile bakuli yenye kifuniko imepasuka," mama alisema huku akifunga ugali na samaki. "Beba na hii juala. Usimwage mafuta kwa sweta."

Marion aliutazama mfuko ule wa plastiki. Ilikuwa miaka mingi tangu mifuko hiyo ipigwe marufuku, lakini sokoni bado iliuzwa kwa kificho. Alitamani mama angemfungia chapati kama watoto wengine.

Kabla basi halijaondoka, Mwalimu Shiundu alisimama mlangoni na kuinua kidole. "Nasikia kuna vichwa ngumu humu. Atakayevunja sheria hata moja atakuwa amewaharibia wenzake wote. Shule hii haitaenda safari tena. Tumeelewana?"

"Ndiyo, Mwalimu!" walipaza sauti, kwa furaha ya watu ambao hawajapanga kuvunja chochote.

Kwenye lango la mbuga, askari wa wanyamapori aliyeitwa Wambua alipanda ndani ya basi akiwa na gunia na rundo la mifuko ya karatasi. "Plastiki zote ziingie kwa hili gunia," alisema. "Chakula mtakihamisha mtie kwa karatasi. Nyani wa hapa wakisikia plastiki ikilia wanajua chakula kimefika. Wanakuja kunyang'anya, na anayenyang'anya huuma. Usile kando peke yako. Na nyani akishika kitu chako, mwachie."

Mifuko ikaanza kutolewa. Marion alihesabu viti vilivyobaki kabla ya zamu yake. Ili auhamishe mlo wake, ilimpasa aitoe ile mifupa mbele ya basi zima. Aliusukuma mfuko ndani ya sweta na kukunja mikono. Rafiki yake Whitney, aliyekaa naye, aliona yote. Akamkonyeza, akanyamaza. Huo ndio urafiki jinsi walivyouelewa.

Walizunguka mbugani asubuhi nzima. Waliwaona twiga wakila majani ya mgunga, na nyuma yao majengo marefu ya jiji. Waliwaona vifaru wawili wamesimama kimya kwenye matope. Kisha dereva akazima injini, na kila mtu akaminyana dirishani. Simba jike alikuwa amelala kando ya mzoga wa pundamilia, mdomo umejaa damu, nzi wakimzunguka. Pundamilia alikuwa na macho wazi bado.

"Ni mbaya sana," Whitney alinong'ona.

"Si mbaya," alisema Wambua. "Ana watoto, na leo wamekula. Huku mnyama hafanyi ubaya, anaishi tu. Ubaya huwa tunauleta sisi na mikono yetu."

Mchana walishuka mahali pa kupumzikia wageni, penye meza za mawe. Wengine walikaa pamoja. Marion alimvuta Whitney hadi nyuma ya choo, mahali ambapo hakuna ambaye angemwita Mifupa, akautoa mfuko na kuufungua fundo. Plastiki ikalia.

Hawakumwona alikotoka. Nyani jike, mwanawe amemng'ang'ania tumboni, alikuwa tayari ameushika mfuko. Marion alipiga yowe dogo na kuachilia. Whitney hakuachilia. Alikuwa mtoto wa kupigania chake, na cha rafiki yake pia.

"Wacha! Si yako!" alisema, akavuta.

Nyani alimuuma mkono wa kulia, chini kidogo ya vidole, akatoweka vichakani na mfuko wote. Mambo yaliisha kabla hata hawajapata pumzi ya kulia.

Walilimwagia jeraha maji ya kunywa yaliyobaki kwenye chupa, wakalifunga kwa kitambaa, na Whitney akavuta mkono wa sweta hadi ukafunika vidole.

"Tumwambie Mwalimu," Marion alisema, japo kwa sauti ya mtu anayeomba akataliwe.

"Wewe! Unataka shule yote ituchukie? Kashimo kadogo tu. Apa kwanza hutasema."

"Haki ya Mungu," Marion akaapa, na ukweli ni kwamba alishukuru.

Kesho yake shule zilifungwa kwa mapumziko mafupi. Whitney, aliyeishi na shangazi yake jirani na kina Marion wakati wa masomo, alikwenda kwa mama yake Kawangware. Marion alijaribu kusahau.

Jumanne, foleni ya maji ilikuwa ndefu. Mama Khalid wa Makina, mhudumu wa afya wa mtaa, alikuwa akipita kutangaza kwamba Jumamosi mbwa wote wapelekwe kuchanjwa. Mbwa mmoja mwenye kichaa alikuwa ameuawa karibu na reli.

"Na sikizeni," alisema, "kichaa cha mbwa hakikai kwa mbwa peke yake. Paka, punda, hata nyani anaweza kuwa nacho. Ukiumwa, osha kidonda na sabuni na maji yanayotiririka, dakika kumi na tano, halafu mbio hospitali uchomwe sindano. Usingoje. Mtu akishaanza kuogopa maji, hakuna dawa. Hakuna. Mimi nimemwona mmoja, na sitaki kumwona mwingine."

"Nyani wa Kibera tutampata wapi, Mama Khalid?" mwanamke mmoja alitania, na foleni ikacheka.

Marion hakucheka. Mtungi ulimponyoka mkononi, ukabingirika hadi mtaroni, na hakuufuata. Alitaka kumwona Whitney. Kiapo ni kiapo, alijiambia. Ataenda amwombe Whitney aseme mwenyewe. Akashika njia ya Kawangware kwa miguu, bila kumuaga mtu, akitembea na kukimbia, na kila hatua alimwona rafiki yake akiogopa maji.

Alipofika, Risper, mama yake Whitney, alikuwa akifunga mlango wa chumba chao. Mgongoni alikuwa amembeba Whitney, msichana mzima wa miaka kumi na miwili, kichwa kimelegea begani.

"Ni malaria," Risper alisema bila hata salamu. "Tangu jana anatetemeka. Nampeleka zahanati. Kwani mama yako anajua uko huku?"

Marion alifuata nyuma. Mkono wa Whitney ulikuwa umefungwa kitambaa kipya, na harufu yake ilimfikia hata hapo nyuma.

Zahanati ilikuwa na benchi moja na daktari mmoja, kijana mwenye macho mekundu kwa uchovu. Alikifungua kitambaa. Mkono ulikuwa umevimba hadi kiwikoni, na kidonda kimejaa usaha na unga wa kahawa.

"Nilimpaka kahawa ikaushe," Risper alisema. "Alikatwa na bati."

Daktari alikisafisha kidonda polepole, akakitazama kwa muda. "Bati gani hili lenye meno?"

"Ni bati, daktari," Whitney alisema kwa sauti ya kukwaruza. Macho yake yalimtafuta Marion na kumkazia. *Uliapa.*

"Basi nitampa sindano ya pepopunda na dawa za kidonda," daktari alisema, akigeukia kabati.

Marion aliogopa kumpoteza rafiki. Aliogopa Risper, aliogopa Mwalimu, aliogopa shule nzima. Lakini mbele ya hofu hizo zote alimwona yule mgonjwa wa Mama Khalid, aliyechelewa.

"Ni nyani!" Maneno yalitoka kwa kishindo, na machozi yakayafuata. "Aliumwa na nyani mbugani. Alhamisi. Ni mimi nilificha juala. Nilionea samaki wetu aibu. Ni mimi, Auntie."

Daktari aliifunga kabati na kufungua nyingine. Hakupoteza muda kumgombeza mtu. Aliosha kidonda kwa sabuni na maji mengi, Whitney akipiga mayowe yaliyosikika barabarani, kisha akampa chanjo ya kwanza ya kichaa cha mbwa. Alipomaliza, aliandika waende hospitali kubwa siku hiyo hiyo. "Huko watamchoma dawa nyingine palepale kwenye kidonda, na atarudi kwa chanjo zilizobaki. Homa hii ni ya kidonda kuoza," alimweleza Risper. "Kichaa hakijaonyesha dalili, kwa hivyo bado tuna nafasi. Lakini mkono huu umeachwa sana."

Waliposubiri gari, Risper alimpakata Whitney. Marion alitamani apigwe tu, yaishe.

"Sikia, Marion," hatimaye alisema. "Nimekukasirikia, na sitakuficha. Mtoto wangu amelala na sumu hiyo siku zote hizo, na wewe unajua. Lakini leo umesema, na ungekaa kimya, ningemrudisha nyumbani na panadol nikidhani nimemtibu. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Siri ya kuficha zawadi ni siri. Siri ya kuficha kidonda ni kumsaidia mtu kufa."

Whitney alilazwa wiki kadhaa. Madaktari walipasua mkono kuondoa nyama iliyooza. Kichaa hakikumpata, chanjo zote alizimaliza. Lakini vidole viwili vya mkono wa kulia vilibaki vimenyooka, na daktari alisema huenda visikunjike tena.

Siku Whitney aliyorudi shuleni, Mwalimu Shiundu aliwasimulia wanafunzi yote, Marion na Whitney wakiwa wamekubali. Aliwaambia pia alichokisikia kutoka kwa Wambua: yule nyani jike alizidi kunyang'anya chakula, akamuuma mgeni mwingine, na ikabidi apigwe risasi. Mwanawe alipatikana kando yake, bado amemng'ang'ania. Hakuna aliyesema Mifupa, siku hiyo wala baadaye.

"Marion alikosa alipoficha mfuko," Mwalimu alisema. "Nyinyi mlikosa, mliomfanya aonee aibu chakula cha mama yake. Na mimi nilikosa. Niliwatisha mkaniogopa kuliko nyani. Kuanzia leo, atakayeumia aje kwangu kwanza, hata kama amevunja sheria zote za dunia hii. Kosa likisemwa mapema hurekebishwa. Likifichwa, hukua, na mara nyingi anayelipa ni mwingine."

Kisha akaugeukia ubao na kuandika somo la siku hiyo. Wanafunzi wakanakili, mmoja mmoja wakaweka kalamu chini. Whitney alikuwa bado kwenye mstari wa pili, akiandika kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa zinazoyumba, ulimi umetokeza kwa bidii. Marion aliushikilia ukurasa usiteleze. Kengele ikalia. Hakuna aliyeinuka, na Mwalimu hakuufuta ubao mpaka Whitney alipomaliza.