Joiki ya Shangazi Elle

Kiti cha wageni kilikuwa kimelowa tena. Risten alikipangusa, akanusa vidole vyake: maji ya ziwa na ngozi mbichi ya kulungu wa Aktiki. Nje, mji wa Tromsø, kaskazini mwa Norwei, ulikuwa gizani ingawa ni mchana. Desemba jua la huko halichomozi.

"Bomba linavuja," alisema Torvald, mkuu wa ofisi ya sanaa. "Nitamwita fundi."

Risten aliendelea kupangusa. Fundi gani ataweza hilo?

Yeye ndiye pekee pale ofisini aliyekuwa Msami, wa wenyeji wa asili wa kaskazini. Sera mpya ilipoagiza sanaa ya Wasami isikike kila mahali, wote walimgeukia yeye, naye kwa kupenda sifa akawarekodia joiki, wimbo wa jadi wa Kisami, ya shangazi yake Elle, aliyezama ziwani. Hakumuuliza mtu nyumbani. Alijua fika kwamba joiki haimsimulii mtu, inamwita, na mwenyewe ni yule anayeitwa, si anayeimba. Torvald aliifurahia akaiweka kwenye simu za ofisi: kila anayeambiwa asubiri, anaimbiwa Elle.

Simu ikalia.

"Subiri kidogo, mama," akasema dada wa mapokezi, akabonyeza kitufe.

Ndipo hatua zikasikika koridoni, chwa, chwa, za viatu vilivyojaa maji, harufu ikitangulia, taa zikififia, na mlango ukafunguka taratibu mpaka Risten akamwona Elle mwenyewe, nywele zimeganda barafu, akijikongoja kukiendea kile kiti.

"Umeniita, mwanangu. Unataka nini?"

"Sitaki kitu, shangazi," alinong'ona. "Nisamehe."

"Sasa mbona huniachi nilale?"

Risten alikimbilia kwa Torvald huku analia. "Itoe kwenye simu! Sasa hivi! Nilikosea mimi, haikuwa yangu kuwapa!"

"Tuitoe? Risten, si ndiko kushirikishwa kwenyewe huko? Watu wanaipenda!" Alipoyaona machozi akalegea. "Haya, hapa tunaizima. Ila kule kwingine..."

"Kwingine wapi?"

"Ofisi zote za nchi tumeshazipelekea. Nilidhani utafurahi."

Risten aliporudi mapokezi, simu zilikuwa kimya. Elle alikuwa bado kitini, macho ameyafumba, na Risten akajipa moyo kwamba hatimaye amelala. Kisha kichwa kikainuka, kikageukia kusini.

"Ofisi ya Bergen nayo inaniita," akasema kwa uchovu, akasimama, akaanza kutembea.